Pikipiki Yako Haitakuuliza Kama Una Hakika

Leo naacha habari za programu kidogo. Wiki hii jamaa mmoja tunayefanya kazi naye amenunua Yamaha R6 iliyotumika, akaniuliza: "Buda, nianzie wapi?" Nikamwambia aanzie dukani, anunue glovu. Akacheka.

Mimi sicheki. Miaka mitatu iliyopita nilinunua yangu ya cc 600. Pesa zote ziliishia kwenye pikipiki, nikabaki na helmeti na jaketi ya jinzi. Wiki ya pili, nikiingia mzunguko asubuhi, nilikuta lori limemwaga dizeli. Sikuwa nakimbia, labda kilomita 30 kwa saa. Tairi ya mbele iliteleza, nami nikatanguliza mikono kama afanyavyo yeyote anayeanguka. Lami ilichuna viganja vyote viwili. Wiki tatu sikuandika hata mstari mmoja wa programu, na dada yangu ndiye aliyenilisha ugali. Mikono ndiyo shamba langu, na niliiacha wazi kwa sababu glovu nilidhani ni urembo.

Wanaotumia Linux watanielewa. Ukiingia kama msimamizi mkuu na kuandika amri ya kufuta, kompyuta haikuulizi kama una hakika. Inafuta. R6 ni hivyo hivyo. Injini yake ya cc 599 huzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, na gia ya kwanza peke yake inaweza kukupitisha kilomita 100 kwa saa. Kwa mwendo huo unakula karibu mita 28 kila sekunde. Matatu ikichomoka kituoni, hiyo sekunde moja ya kushtuka umeshaitumia.

Utasikia waendeshaji wa zamani wakisema, "Iheshimu tu pikipiki, utakuwa sawa." Sikubaliani nao. Heshima si ujuzi. Hakuna aliyejifunza breki kwa heshima. Kwa hiyo, mwenye pikipiki mpya, fanya haya:

1. Tenga pesa za helmeti nzuri, glovu, jaketi, suruali na buti kabla ya kulipia pikipiki. Zisipotosha, nunua pikipiki ya bei nafuu zaidi.

2. Tafuta uwanja mtupu ujifunze kusimama. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, lakini usiikamate kwa pupa. Ibane kidogo, uzito uhamie mbele, kisha ikaze. Anza na kilomita 30, halafu 60. Utaona mwenyewe: mwendo ukiwa mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne.

3. Tairi mpya huteleza. Kilomita 150 za kwanza nenda polepole, usilale sana kwenye kona.

4. Kwenye kona, tazama unakotaka kwenda. Ukikodolea shimo macho, utaingia shimoni.

5. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta na vumbi la lami. Siku hiyo panda matatu. Si aibu.

Kasi utaipata tu, ipo mkononi. Kusimama ndiko kunakotaka mazoezi.

Jumapili nakutana na yule jamaa uwanjani, saa moja asubuhi. Glovu amenunua.