Kuku Akiacha Kutaga, Tusikimbilie Kisu

Tuseme ukweli kabla ya mengine yote: kisu tulikuwa tumeshakinoa.

Sisi ni vijana tisa wa Nakivale, upande wa Rubondo. Wengi wetu tumetoka Kivu, wawili ni Warundi. Kuna mradi ulikuja ukatupa kuku kumi wa kienyeji. Tukapigwa picha tumewashika, tukapiga makofi, gari likaondoka. Baada ya miezi mitano tulibaki na kuku watatu. Wale saba walikufa karibu wote ndani ya wiki moja. Tutarudi kwao. Kwanza tunataka kuwaeleza habari ya mmoja kati ya wale watatu, kuku mweusi tuliyempa jina la Mshahara.

Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa analipa. Mayai yake tulikuwa tumeyapangia zamu. Wiki moja ya kuuza, tupate daftari na vocha ya simu. Wiki inayofuata yanakwenda kwa dada mmoja wa kikundi ambaye mtoto wake, walipompima mkono kwa ule utepe wa rangi, aliangukia kwenye njano. Pale kliniki walimwambia ampe mtoto yai kila anapoweza. Yai atalitoa wapi? Mwaka 2023 mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi, si mnajua, kuna waliowekwa kundi la kutopata kitu. Basi yai la Mshahara halikuwa mchezo.

Halafu akaacha kutaga.

Kwanza maganda yakawa laini, ukishika yai linabonyea. Siku moja akatoa yai lisilo na ganda kabisa, ngozi tu. Baadaye hakutoa kitu. Akawa anaingia kwenye kiota anatoka, anaingia anatoka. Mkia umeshuka, anatembea kama bata. Anaharisha majimaji meupe yanaganda kwenye manyoya ya nyuma. Chakula anakidonoa kidogo, anakiacha.

Tukakaa kikao. Maoni yalikuwa matatu, na tunajua katika nyumba nyingi za hapa maoni ni hayohayo.

La kwanza: tumchinje leo tule, kesho atakufa bure. La pili: tumpeleke sokoni Jumamosi, anayenunua hatajua. La tatu: tununue zile kapsuli za rangi mbili kwenye duka la dawa, dawa ya watu, tumwagie kwenye maji, kila mtu anafanya hivyo.

Tuliokoka kwa sababu ya mama mmoja jirani, mtu mzima, aliyekuwa anafuga kule Walungu kabla ya vita. Alipita, akakiona kisu. Akasema: “Batoto, musimuchinje kwanza. Mulimuangalia?” Tukajibu tumemwangalia, anaumwa. Akacheka. “Hapana, kuangalia na mikono.”

Neno hilo ndilo limetufanya tuandike haya yote. Tulikuwa tumeshamhukumu kuku ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemshika.

Mama akamkalisha Mshahara mapajani, akatufundisha. Shika kifuko cha chakula pale chini ya shingo. Asubuhi kabla hajala kinatakiwa kiwe kitupu, jioni kiwe kimejaa. Kikiwa kigumu kama jiwe asubuhi, kuna kitu kimeziba: majani marefu, nyuzi, au vipande vya mifuko ya plastiki. Kikiwa laini kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimeoza humohumo. Shika mfupa wa kifuani, kama unachoma kama kisu basi amekonda kwa muda mrefu, si jana wala juzi. Tazama upanga wa kichwani, umepauka au bado mwekundu? Fungua manyoya uangalie chawa na utitiri. Tazama kinyesi: kina damu, ni cha kijani, kina minyoo? Halafu shika tumbo taratibu, chini ya mkia.

Pale chini ya mkia mkono wa mama ukasimama. Yai lilikuwa limekwama.

Tulichofanya ni hiki. Tulichemsha maji tukayapoza mpaka yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, unayapima kwa kiwiko. Tukamkalisha kwenye beseni, maji yakafunika tumbo na sehemu ya nyuma, kichwa kikiwa juu, kama dakika 20. Tukamkausha vizuri kwa kitambaa, tukampaka mafuta ya kupikia kwenye tundu la nyuma, tukamweka ndani ya boksi lenye majani makavu, mahali penye giza na joto na pasipo kelele. Baada ya saa kadhaa tukarudia. Mama alituonya mara tatu: usikamue tumbo, usichokoe na kijiti, usilivunje yai likiwa ndani. Likipasuka huko vipande vinamkata, uchafu unaingia, na hapo kuku amekwenda.

Usiku tukakuta yai kwenye boksi. Ganda laini, limepinda. Kuna mwenzetu mwanaume alilia, jina lake hatumtaji.

Lakini jamani, kutoa yai haikuwa kazi yote. Kuharisha kuliendelea, na mama akatuuliza swali ambalo hatukulipenda: “Munamukulisha nini?”

Tulikuwa tunampa mahindi yaliyoota ukungu. Yale ambayo sisi wenyewe tumeyachagua tukayatupa pembeni, tukasema ya kuku hayo. Kumbe ukungu wa mahindi unatoa sumu inayoumiza ini la kuku kama inavyoumiza la mtu. Kuku anakonda, anaharisha, anapunguza mayai, na sumu nyingine inaweza kupita ikafika kwenye yai lenyewe. Yaani tulidhani tunaokoa chakula, tukawa tunakizungusha kirudi kwa mtoto yuleyule.

Na ganda je? Ganda la yai linatengenezwa kwa madini ya chokaa. Kila yai moja linabeba gramu kama 2 za kalisi, na mahindi hayana kalisi ya kutosha. Kuku anayetaga bila kuongezewa anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ikipungua, ganda linalainika na misuli ya kusukuma yai inachoka. Ndivyo yai linavyokwama. Na dawa yake tulikuwa tunaitupa jalalani kila tukila yai: maganda. Siku hizi tunayakausha kwenye moto, tunayasaga mpaka hayafanani tena na yai, asije akajifunza kula mayai yake, na tunayaweka kwenye kopo la pembeni ajichukulie mwenyewe. Tumeongeza lengalenga, mchwa tukiwapata, na maji safi yanayobadilishwa asubuhi na mchana. Dawa ya minyoo tulinunua ya kuku, kwa mtu wa mifugo, kwa kipimo alichotuambia.

Ilichukua karibu wiki tatu. Mshahara akaanza kutaga tena, si kama zamani, ila anataga, na ganda ni gumu.

Hatutaki mfikiri tumekuwa madaktari. Mwenzake mwekundu alipata dalili zilezile baada ya mwezi. Tukamshika kwa mikono, tukamweka kwenye maji, hatukukuta yai. Tumbo lilikuwa limejaa majimaji, anahema kwa shida. Akafa siku ya nne. Mtu wa mifugo alituambia huenda mayai yalikuwa yanaangukia ndani ya tumbo badala ya kutoka, na kuku wa hivyo mara nyingi haponi. Tulimchimbia shimo refu, hatukumla. Kuku aliyejifia mwenyewe haliwi, hata kama njaa ipo.

Na si kila kuku aliyeacha kutaga ni mgonjwa, hili tumelijifunza kwa aibu. Wa kienyeji akishataga mayai kumi na kitu anataka kuatamia, hapo hatagi, ni kazi yake. Akinyonyoka manyoya ili aote mengine anapumzika pia. Ni kuku wangapi wazima tumewachinja hapa kwa kosa la kupumzika?

Sasa turudi kwenye yale maoni matatu ya kikao.

Kapsuli za watu. Kwanza mara nyingi haziponyi, kwa sababu dawa ya bakteria haitoi yai lililokwama, haiui minyoo, na haiui virusi. Halafu dawa inabaki kwenye yai na nyama. Mtoto wa njano anakula yai lenye dawa. Na tukizoea kuzitumia ovyo, vijidudu navyo vinazizoea. Siku mtoto akiugua kweli, kapsuli ileile inakuwa unga tu.

Kumuuza sokoni. Hapa tuseme bila kuzunguka: kumuuzia jirani kuku mgonjwa ni kumwibia. Tena ni kumpelekea msiba. Wale kuku wetu saba, tunaamini ugonjwa uliingia na jogoo mmoja aliyenunuliwa sokoni na nyumba ya jirani. Kinyesi cha kijani, shingo kupinda, vifo vya haraka, hizo ni dalili za mdondo, wengine wanauita kideri. Ukiingia hauna tiba. Una chanjo tu.

Kumchinja. Hatusemi ni haramu. Kuku ni wa kuliwa, na kuna siku nyumba haina kitu kingine. Tunachosema ni kwamba uamuzi uje baada ya mikono, usije kabla. Kuku mmoja mjini anakula familia jioni moja. Kuku mmoja anayetaga hapa kwetu analipa daftari.

Na sasa tunaongea na ninyi kaka na dada zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika. Tunajua mnasoma haya. Hatuna ugomvi na ninyi, na wale kuku kumi tulishukuru. Lakini mlitupa kuku bila chanjo, bila mtu wa kumuuliza, bila hata siku moja ya kutufundisha kumshika. Kwenye ripoti tukaandikwa “kikundi kimepokea kuku kumi”. Nani aliandika kwamba saba wamekufa? Hakuna aliyerudi kuhesabu.

Ile chanjo ya mdondo ya matone, inayovumilia joto kiasi, mnaijua vizuri kuliko sisi. Tone moja kwenye jicho moja la kuku, kisha inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tatizo ni chupa. Chupa moja ni ya kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku watatu hawezi kununua chupa ya kuku mia peke yake. Hilo halihitaji pesa nyingi, linahitaji watu wapange siku moja, mtaa mzima walete kuku asubuhi kabla hawajafunguliwa. Kupanga watu tunaweza sisi. Tunajuana kwa majina, tunajua nani ana kuku wangapi na nani anaficha.

Kwa hiyo ombi letu ni fupi. Mkiwa na pesa za kuku kumi, leteni watano, na zinazobaki zilipie chanjo ya mwaka mmoja, na mafunzo ya vijana wawili kwa kila mtaa wa kudondosha tone na kushika kuku kwa mikono. Picha itakuwa ndogo. Kuku watakuwepo bado mkirudi.

Na sisi vijana wenzetu, tusingoje gari. Wamama na wazee waliofuga Walungu, Masisi, Fizi, Makamba, wamekaa humuhumu katikati yetu, hakuna anayewauliza. Elimu yao haikuandikwa kwenye kadi ya mgao lakini walivuka nayo mpaka. Kikundi chetu kimeanza: kila Jumapili jioni mama yule anakaa chini ya mti wetu, mwenye kuku asiyetaga au anayeharisha anamleta kwenye kikapu. Mlipo ni soda moja, na lazima umshike kuku wako wewe mwenyewe kwanza.

Mtoto wa dada yetu wamempima tena mwezi uliopita. Hatusemi ni yai peke yake, alipewa pia ule unga wa kliniki. Ila utepe umesoma kijani.

Kisu tunakitumia kukatia lengalenga.