Bisibisi Anayo Mke Wangu

Jamani wasomaji wangu, mapenzi yana mitihani yake. Wa kwangu mwezi huu ni prosesa.

Kompyuta yetu niliiunda mwenyewe sebuleni, kifaa kimoja kimoja kila mshahara ulipoingia. Ndani ina Ryzen 5 2600, ya mwaka 2018. Siku hizi mke wangu anahariria video za harusi humo humo, na akishaiamuru itoe video nzima, tunapika, tunakula, tunalala, yenyewe bado inahema tu. Nikatafuta Ryzen 5 5600, iliyotoka 2022. Tundu ni lile lile la AM4, na zote ni za wati 65. Rahisi, au siyo?

Thubutu! Mazabodi yetu haiitambui prosesa mpya mpaka kwanza usasishe BIOS, ile programu inayoiamsha mashine, huku prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa kabisa. Na hapa Dar nani anauamini umeme? Nimeazima UPS kwa jirani. Halafu feni: usiing'oe ikiwa baridi. Iache mashine ipate moto, zima, chomoa waya, kisha uizungushe taratibu, la sivyo inatoka na prosesa yake na pini zinapinda.

Nilikuwa nimeshashika bisibisi mke wangu alipotokea mlangoni.

"Mume wangu, ile video naikabidhi Jumamosi. Ikigoma kuwaka je?"

Kimya. Hata kuinakili kwenye flashi nilikuwa sijainakili. Bisibisi anayo yeye, mpaka Jumapili.