POSA SI NDOA: HIZO PICHA ZA PUGU MMEMUULIZA NANI?



Ndugu yangu, wiki hii nimetumiwa video moja na watu sita tofauti. Kijana na binti, wote Waislamu, wanatangaza uchumba wao. Wameanzia Maili Moja, Kibaha, kituo cha daladala, kwa kuwa ndipo walipoonana mara ya kwanza. Kisha wamekwenda Kisarawe, ndani ya msitu wa Pugu Kazimzumbwi, ambako kijana alitamka neno la kuoa. Binti kajitanda vizuri, gauni la heshima. Na kijana kamkumbatia kiuno kwa nyuma.

Chini watu wanaandika, "Mashaallah!" Mashaallah ya nini? Hao hawajaoana!

Elewa. Barua ya posa ijibiwe, mshenga apeleke kishika uchumba, hata mahari yote ilipwe, kijana huyo kwa binti bado ni ajnabi, sawasawa na kondakta wa ile daladala. Kinachomhalalisha ni akdi: walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza al-Mughira bin Shu'ba amtazame mwanamke aliyemposa. Kumtazama! Mkono haukutajwa.

Utasema, "Sheikh, faragha gani na mpiga picha yupo?" Hapo ndipo pabaya zaidi. Mwanamume wa pili, ajnabi naye, ndiye anayeamuru: msogelee, mshike hapo, mtazame machoni. Na mnatii. Imamu akisema nyoosheni safu, mnanuna.

"Nia yetu safi." Sikatai. Kukumbuka mahali mlipokutana si haramu. Hata mimi kuna mwembe mmoja Mlandizi, nikiupita namkumbuka mama watoto. Lakini posa huvunjika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakuruhusu kudai mahakamani zawadi uliyotoa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa, ila hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu akuoe. Pete utarudisha. Picha utamrudishia nani? Iko kwenye kompyuta ya mpiga picha, iko kwenye simu za watu usiowajua.

Mwaka jana mzee mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya Alasiri. Posa ya kwanza ya binti yake ilivunjika. Wakaja wengine kuposa, watu wema, mambo yakaenda vizuri hadi jamaa yao mmoja alipowaonyesha zile picha za zamani. Hawakurudi, hata simu hawakupiga. Mzee alikuwa analia, nami sikuwa na la kumwambia. Yule kijana wa kwanza? Kaoa zamani, hakuna aliyemuuliza neno. Hiyo nayo ni dhulma, na ni yetu sisi tunaoswali. Mkono ulikuwa wake, aibu tukambebesha binti peke yake.

Nawe baba mtu, ulibishana na wazee wenzako saa mbili nzima juu ya mahari. Jumapili binti akaaga anakwenda msituni kupigwa picha na mposaji, ukanyamaza usiitwe mshamba. Ulikuwa unalinda nini siku ile ya mahari?

Mnataka picha? Fungeni akdi kwanza. Haimalizi saa moja, wala haihitaji ukumbi. Sherehe isubiri michango. Oaneni Ijumaa baada ya swala, Jumamosi nendeni Pugu, mshike mkeo mkono msitu mzima, na picha za mahaba zibaki kwenu.

Kijana mmoja kaniandikia jana: "Sheikh, mpiga picha tumeshamlipa, siku yenyewe Jumamosi ijayo, tufanyeje?" Mwanangu, mpigie walii leo hii, kabla ya Magharibi. Akikubali Ijumaa, niite nije kuwa shahidi, nauli yangu mwenyewe. Akikataa, mpigie mpiga picha asogeze siku.

Wallahu a'lam.