Kila Skuli na Pahali Pake, Kila Msimu na Zamu Yake



Watoto wetu wa Unguja na Pemba wanazaliwa visiwani na kukulia visiwani, lakini wengi wao humaliza skuli bila ya kusoma hata somo moja wakiwa wamesimama juu ya mwamba, maji yamekupwa. Wanajua kuchora mzunguko wa maji katika daftari, ila masika yakipita hakuna aliyewaambia watoke wapime imenyesha mvua kiasi gani. Wanakariri majina ya mimea ya mbali, na mkoko ulio nyuma ya nyumba hawaujui ila kama kuni.

Naandika kuomba jambo moja ambalo tunaliweza tukishikana: kila skuli, ya mjini na ya shamba, ichague pahali pake pa nje pa kusomea, na iwapeleke wanafunzi hapo mara nne kwa mwaka, kila msimu mara moja. Pahali penyewe pawe karibu, pa kufikika kwa miguu: ufukwe, kipande cha mikoko, msitu wa juu, bonde la mpunga, hata kisima cha zamani chenye miti yake. Na pakishachaguliwa pasibadilishwe.

Jambo hili si geni kwetu. Kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, mwendo mfupi wa boti, kipo kisiwa cha Chumbe chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Tangu 1994 miamba ya upande wake wa magharibi ni hifadhi ambamo mtu haruhusiwi kuvua, na msitu wake nao umelindwa. Walinzi wake walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakageuka kuwa walimu wa bahari. Wageni wanaolala katika bangaloo zake saba ndio wanaobeba gharama, na fedha zao husaidia kuwapeleka wanafunzi wetu kuvaa miwani ya kuzamia, kuelea juu ya matumbawe na kupita msituni wanakoishi kaa wa nazi, wakubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu. Masika yakikaza, kisiwa hufungwa kwa wiki kadhaa mpaka mvua ipungue. Huko ratiba haipangwi na mtu wa ofisini, inapangwa na upepo na mvua.

Tunayo pia Jozani na Ghuba ya Chwaka, hifadhi ya taifa tangu 2004, ambako mtoto anaweza kumtazama kima punju juu ya mti na kisha akapita juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko. Pemba tunacho kisiwa cha Misali, kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, ambako mafunzo ya dini kuhusu amana na israfu yalitumika kuwaeleza wavuvi ubaya wa baruti.

Hivyo walimu wa kuigwa tunao. Kinachotupungukia ni nafasi. Sensa ya 2022 ilituhesabu karibu watu milioni 1.9, na sehemu kubwa yetu ni watoto. Chumbe ni kisiwa kidogo ambacho ukikizunguka kwa miguu hutachoka. Hata boti zake zingekwenda kila siku, mwanafunzi mwenye bahati angefika mara moja tu katika umri wake wote wa skuli, na wengi wasingefika kabisa. Na hata huyo aliyefika, kaona siku moja. Anayefika pahali mara moja hurudi na hadithi ya kuwasimulia wenzake. Anayerudi pale pale kila msimu huanza kuona kilichoongezeka na kilichopungua, na hapo ndipo elimu inapoanzia.

Sasa tuitazame misimu yenyewe, maana kila mmoja una somo lake, na kila skuli itachukua yale yanayofaa pahali pake.

Vuli, kuanzia Oktoba, ndiyo wakati wa ndege. Ndege wa pwani wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia huwasili kwenye tope la Ghuba ya Chwaka na vihori vingine, wakakaa nasi mpaka karibu na Aprili. Wanafunzi wakae kimya pembezoni, wagawane sehemu za kutazama, wahesabu. Mvua fupi zikishaanza, huo pia ni wakati wa kupanda miti ya nchi kavu kandokando ya skuli, na kila mche uwe na darasa lake la kuutunza.

Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Hapa ndipo pa kusoma mwamba na vidimbwi vinavyobaki maji yakitoka. Darasa lichukue kipimajoto, lipime maji ya kidimbwi, kisha maji ya bahari, liandike. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndani yake mna habari kubwa. Matumbawe hulishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo mno uliomo miilini mwao. Maji yakizidi joto kwa wiki nyingi, matumbawe huutoa mwani huo, yakawa meupe, na joto lisipopungua hufa. Yalitufika hayo mwaka 1998, yakatufika tena 2016, na yote mawili yalikuja kaskazi ikielekea ukingoni. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza kwa biashara mwaka 1989, hawahitaji kuelezwa habari za joto. Wao wanaliona kwenye kamba zao, mwani ukinyauka na kukatika. Basi hao ndio wa kualikwa siku hiyo wawe walimu.

Masika, Machi mpaka Mei, wengi tutasema watoto wakae ndani. Mimi nasema huu ndio msimu wa kuwafundisha mvua. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, rula na jiwe la kuizuia isianguke vinatosha kuwa kipima mvua. Mvua ikishakatika, darasa litoke likafuate njia ya maji kutoka uwanja wa skuli mpaka yanakoishia: yamebeba udongo wa nani, yamepita kwenye taka za nani, yameingia baharini yakiwa na rangi gani? Msimu huu pia mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye mikoko na kuwaonyesha kwamba kila mti una mtaa wake. Mlilana hukaa mbele, ukitazamana na bahari. Mkoko wenye mizizi ya miguu mingi hupenda tope la kando ya vihori. Mkandaa hukaa nyuma zaidi, upande wa nchi kavu. Tumeshuhudia mara nyingi watu wakichomeka miche ya mkoko kwenye mchanga mtupu, wakapiga picha, wakaondoka, na miche ikafa. Mtoto aliyejifunza mitaa hiyo hatarudia kazi ya aina hiyo.

Kipupwe, Juni mpaka Septemba, kusi ikivuma, ufukwe wa mashariki hujaa majani ya baharini, na pamoja nayo plastiki. Siku ya msimu huu iwe ya kukusanya na kupambanua: chupa, nyavu zilizokatika, viatu, mifuko, kila kitu kwenye fungu lake, kihesabiwe kabla ya kutupwa. Huu ndio pia wakati wa nyangumi wanaopanda kutoka bahari za kusini kabisa kuja kuzaa kwenye maji yetu ya uvuguvugu, na wavuvi wa Kizimkazi na Nungwi wanaweza kuwasimulia wanafunzi namna ya kuwatambua kwa mbali. Na kwa kuwa Mwaka Kogwa wa Makunduchi huangukia Julai, wazee wapewe siku yao. Kuna wanaojua bado kuuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku kumi kumi, hesabu ambayo wakulima na manahodha waliitumia kupanga wakati wa kupanda na wa kusafiri. Wakiondoka hao bila ya kuulizwa, hakuna kitabu cha darasani kitakachotupa tena elimu hiyo.

Kwa skuli za pwani, siku ya kwenda haihitaji kubahatishwa. Bamvuo hufika mnamo siku za mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kuipanga. Na Mola ametusaidia zaidi, kwani katika siku za bamvuo maji yetu hupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi, wakati wa masomo hasa. Darasa linaweza kushuka saa tatu, likafanya kazi yake, na kupanda kabla maji hayajageuka.

Kila ziara iandikwe. Kila skuli iwe na daftari moja kubwa, tuliite Daftari la Msimu. Pale pahali pake darasa liweke kamba ya mraba wa mita moja kila upande, lihesabu vilivyomo ndani: chaza, tondo, kaa, vipande vya matumbawe hai na vilivyokufa, machipukizi ya mikoko. Msimu ujao kamba iwekwe pale pale. Wanafunzi wakihitimu, daftari libaki, wengine waendelee. Baada ya miaka kumi shehia itakuwa na ushahidi wake yenyewe, ulioandikwa na watoto wake. Siku ikijadiliwa kuchimba mchanga, kujenga juu ya ufukwe au kufunga mwamba wa pweza, hatutakuwa tunabishana kwa kukisia. Vipo vijiji vya Unguja na Pemba ambavyo vimeshajifunza kuupumzisha mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Makubaliano kama hayo hudumu pale watu wanapohesabu walichopata kabla na baada.

Najua yatakayosemwa. Watasema fedha hakuna. Pahali pa karibu hapahitaji basi wala tiketi. Panahitaji kamba, rula, kipimajoto na daftari, na hizo ni gharama ambazo kamati ya skuli inaweza kuzibeba. Watasema mitihani. Kuhesabu ndani ya mraba ni hisabati, kipimajoto ni sayansi, upepo na bamvuo ni jiografia, na kuandika taarifa ya ziara ni Kiswahili. Mwalimu hatakuwa ameacha silabasi, atakuwa ameihamishia pale penye yale inayoyazungumzia.

Watasema hatari, na hapa wana haki ya kusikilizwa. Bahari haina mzaha. Kwa hiyo masharti yawe wazi: wanafunzi waorodheshwe wakienda na wakirudi, wawepo watu wazima wanaoijua pwani ile, maji yasivuke magoti, viatu viwe miguuni kwa ajili ya miiba na mawe makali, na konokono hai asishikwe kwa mkono. Ikitokea ziara ya boti, isifanyike bila ya jaketi za kuokolea kwa kila mtoto, na nahodha akisema leo upepo umekaza, neno lake liwe la mwisho. Wasichana wawe na walimu wa kike pamoja nao na mavazi yanayowastiri, ili pasiwe na mzazi wa kumzuia binti yake. Mwenye ulemavu asiachwe nyuma: pachaguliwe pahali anapoweza kufika, na kazi ya kuhesabu na kuandika ni yake sawa na wengine. Ramadhani nayo, kwa vile inazunguka misimu yote, ikiangukia msimu wa ziara, siku isogezwe kabla au baada.

Sasa kila mmoja wetu na sehemu yake.

Wazazi, ruhusuni watoto, na anayeweza afuatane nao. Mama anayeshuka kila bamvuo kutafuta chaza na kombe, na mvuvi anayejua kila jiwe kwa jina, msijione kuwa hamna elimu ya kufundisha. Ninyi ndio walimu wa siku hiyo.

Walimu wakuu, tengeni siku nne katika ratiba ya mwaka kabla mwaka haujaanza. Siku isiyoandikwa huliwa na shughuli nyengine.

Masheha na kamati za uvuvi, saidieni skuli kuchagua pahali na mpalinde pasigeuzwe jaa wala machimbo. Mnapokaa kuamua jambo la pwani, iiteni skuli ije na daftari lake.

Wenye mahoteli, fukwe mnazouza kwa wageni ni darasa la watoto wa kijiji. Wafungulieni njia ya kupita, na mkipenda kuchangia, nunueni miwani ya kuzamia na vitabu vya ndege kwa skuli ya jirani.

Ndugu zetu mlioko Muscat, London na Toronto, mnaokusanya michango kwa ajili ya skuli mlizosoma, safari hii ulizeni kama skuli hiyo ina darubini na vipimajoto.

Na kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali tunaomba kitu kimoja tu: ziara nne za msimu ziingizwe rasmi katika kalenda ya skuli, ili mwalimu anayetoka na wanafunzi wake asionekane kuwa anatoroka kazi.

Samaki mkunje angali mbichi. Basi katika mkutano ujao wa wazazi wa skuli iliyo karibu nawe, nyanyua mkono uulize maswali mawili: pahali petu pa nje ni wapi, na tunakwenda bamvuo lipi? Usikubali mkutano ufungwe kabla ya pahali kutajwa na tarehe kuandikwa.