Kishikwambi cha nini tena?

Ndugu mkulima, mahindi umeuza juzi, leo muuzaji wa mjini anakushawishi uongeze kishikwambi wakati simu janja unayo. Muulize kwanza: kinaingia laini? Vipo vingi vya bei rahisi visivyo na sehemu ya laini, vinategemea Wi-Fi. Shambani utaipata wapi? Utaishia kukigawia bando la simu ile ile, na kuchaji ulipie mara mbili.

Pesa za mauzo zinaingia kwenye simu. Mnunuzi anapiga simu. Picha za viwavijeshi mnanitumia kwa simu na naziona vizuri tu. Eti kioo kikubwa! Maandishi yakuzwe kwenye mipangilio, ni bure. Kikundi kinachoandika mizani ya wanachama, sawa, kichangie kimoja. Wewe mwenye ekari mbili, hela hiyo ni mbegu na mbolea ya kupandia.