Skrini Nyeusi Si Skrini Iliyokufa

Kuanzia Mbeya hadi Iringa, stoo za ofisi za umma zimejaa skrini bapa za kompyuta zilizohukumiwa bila kusikilizwa. Mtu huona giza, huandika "mbovu", na ombi la kununua mpya huanza safari. Hakuna aliyekaza waya uliolegea, wala kuijaribu skrini kwenye kompyuta nyingine. Hakuna hata aliyeimulika kwa tochi! Picha hafifu ikionekana, kioo ni kizima. Kilichozimika ni taa ya nyuma au umeme unaoilisha. Katika skrini za zamani, mkosaji mara nyingi ni kapasita iliyovimba kichwa, kifaa cha bei ndogo ambacho fundi hodari wa redio pale Mwanjelwa hukibadilisha. (Asiye fundi asiguse: kapasita hubaki na chaji hata waya ukichomolewa.)

Wakati huohuo, katika maabara ninamofundisha, wanafunzi watatu hubanana mbele ya kompyuta moja. Wakubwa hujitetea kwa taratibu za manunuzi. Ni utaratibu gani unaokataza tochi? VETA ipo Mbeya, ipo Iringa. Vijana wake wanatafuta kazi. Basi skrini yoyote isifutwe katika daftari la mali pasipo sahihi ya fundi aliyeifungua, akieleza alichokikuta ndani.