Kwanza Utalala Wapi?

Wasee, leo tuongee kuhusu Outback, ile nyika kubwa ya katikati ya Australia. Zile vidio mmeziona: gari kubwa, karavani nyeupe inavutwa nyuma, barabara imenyooka hadi macho yanachoka, vumbi jekundu, na mtu anakunywa kahawa mlangoni jua likichomoza. Mimi kontenti ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nakubali hizo klipu ni moto. Lakini kuna kitu hazionyeshi. Ile kahawa ya asubuhi iko pale kwa sababu jana yake mtu alijua mahali atalala, na akafika kabla giza halijaingia.

Msimamo wangu ni huu: kama ni safari yako ya kwanza na karavani kule, usianze kupanga na mahali unaenda. Anza na mahali utalala kila usiku. Na ukiona siku zako hazitoshi, punguza safari. Usipunguze vituo vya kulala.

Najua mtaniuliza, sasa wewe uko Nairobi, Outback inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu Wakenya wako kule. Wanasoma, wanafanya kazi hospitalini na kwa nyumba za wazee, na likizo ikifika wanataka kuona nchi. Cuzo wangu ako Adelaide. Yeye na wenzake watatu wamechanga pesa wakodi gari na karavani mwezi wa Julai. Alinitumia mpango wao na ulikuwa mistari miwili tu. Siku ya kwanza, Adelaide hadi Coober Pedy. Siku ya pili, Coober Pedy hadi Uluru, ule mwamba mwekundu. Basi.

Mimi chuo niliacha njiani, lakini hesabu ya shule ya msingi bado ninayo. Tuifanye pamoja.

Adelaide hadi Coober Pedy ni karibu kilomita 850. Hiyo inapita Nairobi hadi Moyale. Ukiwa unavuta karavani huendi kama mtu wa probox ya miraa. Tuseme wastani wako ni kilomita 85 kwa saa, na hapo nimekupendelea. Ni masaa kumi ya usukani, bila mafuta, bila chai, bila kwenda msalani.

Sasa kuna kitu sisi watu wa ikweta tunasahau. Hapa jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba, hata hatulifikirii. Kule Julai ni majira ya baridi na mchana ni mfupi. Jua la Adelaide linachomoza baada ya saa moja asubuhi na linazama kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mchana wote ni masaa kumi tu. Kwa hivyo huo mpango, hata kila kitu kikienda sawa, unakuingiza gizani kabla hujafika. Na siku ya pili ni kilomita zingine zaidi ya 700, na dereva amechoka.

Kwani giza lina shida gani? Kwanza, kangaruu. Wanatoka kutafuta chakula jioni na alfajiri, na taa za gari haziwafukuzi. Ongeza ng'ombe, kwa sababu ranchi nyingi za kule hazina ua kando ya barabara. Kwa gari peke yake unaweza kukanyaga breki ukapona. Lakini ukiwa na karavani ya tani mbili nyuma, ukikata kona ghafla inaanza kuyumba kama mkia, na inaweza kulivuta gari mpaka lipinduke. Pili, malori. Kule lori moja linaweza kuvuta trela tatu au nne, urefu hadi mita 53.5. Hilo si la kupita usiku ukiwa mgeni. Tatu, mikataba mingi ya kukodi gari inakataza kuendesha usiku nje ya miji katika maeneo hayo. Ukigonga ng'ombe saa mbili usiku, bima inaweza kukuruka na bili ikawa yako. Soma karatasi kabla ya kusaini, hata kama maandishi ni madogo kama mchwa.

Halafu tuongee juu ya mapengo. Sisi tumelelewa na Mombasa Road. Ukisikia njaa kuna Salama, ukikosea hesabu kuna Sultan Hamud, ukichoka kabisa kuna Mtito Andei. Kila kona kuna mtu na mayai boilo au mahindi choma. Kwa akili zetu, barabara ni soko refu. Stuart Highway, ile inatoka Port Augusta hadi Darwin kama kilomita 2,700, haiko hivyo. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna karibu kilomita 250 na hakuna mahali pa kuweka mafuta. Vituo vya barabarani vipo, vile vina pampu, chakula, vyumba na uwanja wa karavani, lakini kila kimoja kiko peke yake. Ukikuta kimefunga, hakuna jirani. Ndiyo maana unapiga simu jana yake: mko wazi, mafuta yapo, nafasi ipo?

Sasa nikamrudishia cuzo mpango wangu. Nilianza na usiku, sikuanza na kilomita.

Usiku wa kwanza, Port Augusta, kama kilomita 310. Ni mji kamili, una maduka na mafundi. Usiku wa kwanza lazima uwe mahali rahisi na pa kulipia, kwa sababu hapo ndipo utajua kama taa za karavani zinawaka, gesi inashika, na nani kati yenu anajua kurudisha karavani nyuma. Hiyo kazi ya kurudi nyuma ifanyeni kukiwa na mwanga. Gizani kila mtu anakuwa makanga na hakuna dere.

Usiku wa pili, Glendambo, kama kilomita 285. Tangi inajazwa hapo hata kama bado iko nusu, kwa sababu karavani inakunywa mafuta na pengo la 250 liko mbele.

Usiku wa tatu na wa nne, Coober Pedy. Lala siku mbili. Huu ni mji wa wachimbaji wa opali, na watu wengi wanaishi chini ya ardhi kwa sababu joto la kiangazi linapita nyuzi 40. Si mji wa kupita mbio. Pia ni mji ambao nje yake kuna mashimo ya migodi kila upande, na mabango yanakuonya usitembee ovyo. Ukifika usiku ukaanza kutafuta mahali pa kuegesha huko nje, hiyo ni kujitakia.

Usiku wa tano, Marla, kama 235. Usiku wa sita, Erldunda, kama 255. Hapo ndipo unaacha barabara kuu kwenda Uluru. Usiku wa saba, Yulara, kama 245.

Angalieni vizuri. Hakuna siku inapita kilomita 310. Unaondoka saa mbili na nusu asubuhi kangaruu wakiwa wamerudi kulala, unasimama njiani, na kufika saa tisa umeshaegesha. Una masaa mawili ya mwanga kupika, kukagua matairi, kupiga picha. Na gurudumu likipasuka njiani bado una mchana wa kulibadilisha. Hayo masaa ya ziada ndiyo bima yako ya kweli.

Kila usiku uwe na mahali pawili: pale unapotaka kufika, na pengine pa karibu zaidi ambapo utaishia mambo yakiharibika. Hapo ndipo sehemu za kupumzika kando ya barabara zinasaidia. Nyingi ni za bure na unaruhusiwa kulala, mara nyingi si zaidi ya masaa 24, lakini usitarajie maji wala mtu wa kukusalimia. Soma bango. Programu kama WikiCamps inakuonyesha zote na ramani yake inafanya kazi bila intaneti, ukiipakua mapema. Ipakue ukiwa mjini, kwa sababu huko kati mtandao unapotea masaa mazima.

Maji pia uyahesabu kwa usiku. Vituo vingi vinapata maji kwa shida, mengine ni ya chumvi ya kisima, na usifikirie utajaziwa tangi bure. Na Julai usidanganyike na neno jangwa. Usiku kule katikati baridi inaweza kushuka chini ya sifuri. Beba blanketi ya maana.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa kontenti tunapenda kuruka. Si kila mahali patupu ni pa bure. Uluru ni ardhi ya Waanangu. Walirudishiwa tarehe 26 Oktoba 1985, na kupanda ule mwamba kulifungwa tarehe kama hiyo mwaka 2019. Ndani ya hifadhi hakuna kupiga kambi, unalala Yulara nje yake. Na Julai ni msimu, shule za kule zinafunga na familia zinajaa, kwa hivyo nafasi unaishika mapema. Barabara nyingine za pembeni zinapita ardhi ya wenyeji asilia na unahitaji kibali. Kama huwezi kuingia kaya ya Wamijikenda na hema yako bila kuuliza wazee, basi hata kule uliza.

Najua pingamizi inakuja, na cuzo alinipa hiyo hiyo: "Siku tuko nazo ni kumi, na karavani inalipiwa kwa siku. Hiyo yako tutafika Uluru na hatuna siku za kurudi."

Ni kweli kabisa. Jibu langu ni kwamba mna siku kumi, kwa hivyo hamna safari ya Uluru na karavani. Mna safari ya Coober Pedy. Siku tatu kwenda, moja ya kukaa, tatu kurudi, na tatu zinabaki za kupumua, mnaweza hata kupitia milima ya Flinders. Kama ni lazima muone mwamba mwaka huu, pandeni ndege hadi Yulara, karavani ingojee. Hakuna aibu. Huo mwamba hauendi mahali.

Wengine watasema nawatisha vijana, eti Waustralia wenyewe wanaendesha kilomita 900 kwa siku. Wako wanaofanya hivyo. Wamekulia kwa hizo barabara, wanajua gari lao, na wako na mtu wa kumpigia simu kila mji. Wewe unaendesha kitu cha kukodi ambacho hujawahi kuvuta, na jamaa wako wa karibu wako bara lingine.

Hapo ndipo naumia. Tunajua vile mambo inaendanga Mkenya akipata ajali ng'ambo. Kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku, namba ya kuchangia inazungushwa, shosho anaambiwa nusu ya habari, na nyumba nzima inasubiri mwili kwa wiki kadhaa huku watu wakiweka picha zake za mwisho, zile za barabara imenyooka. Sitaki kuchangia hiyo. Nataka kuchangia mafuta.

Kwa hivyo kituo cha kulala kiwe pia kituo cha kupiga ripoti. Saa kumi jioni kule ni saa tatu na nusu asubuhi hapa. Mama ako macho, ako na chai. Mtumie neno moja: tumefika. Asipolipata hadi saa sita mchana wetu, awe na ile orodha ya vituo na namba zao, ajue aanze kuuliza kutoka wapi. Na mkodi kile kifaa kidogo cha kuomba msaada kwa setilaiti, kwa sababu simu yako haitashika kila mahali.

Kama una mpango wako, chukua karatasi. Andika namba za usiku kushuka chini, moja, mbili, tatu. Mbele ya kila moja andika jina la mahali, namba ya simu yao, na saa utakayofika. Usiku wowote ukibaki bila jina, hiyo safari bado haijaiva. Ikiiva, nitumie klipu ya kahawa.